HUZUNI NZITO NA DAWA ZAKE MBILI: MAZUNGUMZO NA MATEMBEZI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba mwili na nafsi akavifunga pamoja, kimoja kikiugua na cha pili hukosa raha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka siku ya mwisho.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani na wanafunzi mlioko vyuoni, twajiusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Mazungumzo yetu ya Ijumaa hii yahusu maradhi yaliyomo katika nyumba nyingi wala hayatajwi. Nayo ni huzuni nzito, ile ambayo siku hizi huitwa sonona, na wengine huiita unyogovu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa nayo. Nasi tumeulizwa mara nyingi, na wazazi, na waume, na vijana wenyewe: Mtu mwenye huzuni ya namna hii, lililo bora ni lipi? Apelekwe kwa mtu wa kuzungumza naye, au aambiwe atoke nje, atembee, auchoshe mwili wake? Swali hili ni la maana, na jibu lake lataka utulivu.

Kwanza yatupasa tufahamu ni kitu gani tunachokizungumza. Kila mwanadamu huhuzunika. Afiwapo hulia, apatapo hasara husononeka, kisha baada ya siku kadhaa moyo hurejea mahali pake. Huo si ugonjwa. Lakini iko huzuni inayomkalia mtu kifuani takriban kila siku, kwa muda wa wiki mbili na zaidi. Mwenye nayo hapati usingizi, au hulala mchana kutwa. Chakula hakina ladha. Kazi aliyokuwa akiipenda humchosha kabla hajaianza. Hujiona hana thamani, wala haoni heri iliyo mbele yake. Akisimama kusali humuwia vigumu kuukusanya moyo wake, na hilo humzidishia huzuni kwa kuwa hujihesabu mkosefu. Wengine wala hawasemi kuwa wana huzuni, bali husema wanaumwa na kichwa, mgongo au kifua, na kila wakipimwa hapaonekani kitu.

Hapo ndipo yajapo maneno ya watu. Huyu husema, imani yake ni ndogo. Yule husema, amerogwa. Wa tatu husema, ni uvivu tu. Wako waliofungwa kamba, na wako waliopigwa kwa kudaiwa kuwa wana mapepo, hali ni wagonjwa kama alivyo mgonjwa mwenye homa.

Tuyapime maneno hayo kwa mizani ya dini. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakafanya weupe kwa huzuni. Je, yuko athubutuye kusema kuwa imani yake ilikuwa ndogo? Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika mwaka wa kumi wa utume wake alifiwa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, na waandishi wa sira wakauita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na wasiwasi na huzuni, na mtu haombi kukingwa na kitu kisichoweza kumfika. Na Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa akiagiza waliofiwa wapikiwe uji laini wa unga, uitwao talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa humtuliza mgonjwa na kumpunguzia huzuni yake. Tazameni basi: mwenye huzuni alipikiwa, hakukemewa.

Wanavyuoni wetu waliotangulia walilitazama jambo hili kwa makini. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa katika nchi ya Balkh, ambayo leo imo katika Afghanistan, na akafariki mwaka 322 Hijria, sawa na mwaka 934 Miladi, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Sehemu yake ya kwanza ni ya mwili, na ya pili ni ya nafsi, maana aliona kuwa anayeutibu mmoja na kuusahau mwingine huifanya kazi nusu. Akaigawa huzuni katika mafungu mawili. Iko huzuni ambayo sababu yake yajulikana, kama kuondokewa na mpendwa au kupotelewa na mali. Na iko huzuni isiyojulikana sababu yake, inayomshika mtu ikamwondolea nguvu na kila furaha. Ya kwanza, dawa yake kubwa aliiona katika maneno: maneno ya mwenzake mwema yanayomjia kutoka nje, na fikra njema ambazo mtu ameziweka akiba moyoni katika siku zake za raha, kama vile mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Ya pili, akaona kuwa asili yake imo mwilini, basi mwili nao utibiwe, na juu ya hayo mgonjwa azungumzishwe kwa upole na achangamshwe. Mwanachuoni huyu ametutangulia kwa miaka elfu na zaidi, na swali letu la leo alikuwa nalo mkononi.

Sasa tuje kwenye yale yaliyopimwa na matabibu wa zama zetu.

Mwaka 1979 daktari John Greist na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza jaribio walilolifanya kwa wagonjwa 28. Baadhi yao walitiwa katika tiba ya mazungumzo, na wengine wakapewa kiongozi wa kukimbia nao. Waliokimbia walipata nafuu isiyopungua ile waliyoipata waliozungumza. Watu 28 ni wachache, na jambo kubwa halijengwi juu ya msingi mdogo. Lakini mwaka 2013 jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyachunguza, liliyaweka pamoja majaribio saba yaliyolinganisha mazoezi na tiba ya mazungumzo, yenye watu 189. Halikuona tofauti ya kutegemewa baina ya dawa hizi mbili. Kisha mwezi wa Februari mwaka 2024 jarida la madaktari la Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha mkusanyo wa majaribio 218 yenye watu 14,170. Kutembea na kukimbia polepole kulikuwa miongoni mwa mazoezi yaliyosaidia zaidi. Waandishi wake wakatahadharisha, kama ilivyo adabu ya wenye ilimu, kuwa mengi ya majaribio hayo hayakuwa madhubuti.

Na faida ya matembezi haishangazi. Mwili uliotumika mchana hutaka usingizi usiku. Nuru ya asubuhi huufahamisha mwili kuwa siku imeanza. Na mtu aliyejifungia chumbani, akitoka akafika mwisho wa mtaa na kurudi, amelitimiza jambo moja katika siku ambayo alidhani hawezi kulitimiza lolote.

Ama mazungumzo, nayo yana ushahidi wake, na mwingine umetoka katika bara letu. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, bingwa wa maradhi ya akili nchini Zimbabwe, alianza kazi katika mtaa wa Mbare mjini Harare. Mabingwa wa fani yake walikuwa wachache mno nchini humo. Akawachukua bibi 14, watu wazima wa mtaani, akawafunza kumsikiliza mgonjwa na kumsaidia kulitatua tatizo lake hatua kwa hatua. Mahali pao pakawa ni benchi lililowekwa nje, katika uwanja wa zahanati, na kazi hiyo ikaitwa Benchi la Urafiki. Washona wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, kama sisi Waswahili tunavyosema kuwa fulani ana mawazo. Mwaka 2016 yakatangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika zahanati 24 na watu 573. Baada ya miezi sita, katika wale waliopata huduma ya kawaida, karibu watu 50 katika kila 100 walikuwa na dalili za huzuni nzito. Katika wale waliokaa kwenye benchi hawakufika 14 katika kila 100.

Nchini Kenya nako, mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Nairobi lililohusu wanawake 421 wenye dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamefanyiwa ukatili. Wahudumu wa afya wa mitaani waliofunzwa walikaa na kila mmoja mara tano, na dhiki yao ikapungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Katika vikao hivyo mtu hufundishwa kuituliza pumzi yake, kulishika tatizo moja alitatue, kuyarudia kidogo kidogo mambo aliyoyaacha, na kutafuta watu wa kumsaidia. Angalieni hapo, ndugu zetu: ulimi umempa mguu kazi.

Basi jibu letu ni hili. Dawa zote mbili zafaa, na kwa kadiri ilivyopimwa hapana iliyoonekana kuishinda nyingine waziwazi. Lililo bora kwa mgonjwa ni lile analoliweza na atakaloendelea nalo. Na katika zote mbili limo sharti moja ambalo watu hulisahau, nalo ni kuwapo kwa mtu wa pili. Wale wagonjwa wa Wisconsin hawakuambiwa nendeni mkakimbie, walipewa wa kukimbia nao. Wale wa Harare hawakuambiwa semeni mlilonalo, walikuwa na bibi aliyekaa akawangoja. Kumwambia mtu asiyeweza kuinuka kitandani kwamba aende akakimbie ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu akapande mnazi. Na kumwacha aisimulie huzuni yake kwa kila apitaye, airudie mara mia bila ya kufikishwa popote, huko ni kukikoroga kidonda.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zetu, elimu isiyoingia nyumbani haina faida. Tuyatazame basi yanayotupasa, kila mmoja katika nafasi yake.

Enyi waume, mwanamke aliyejifungua huweza kushikwa na huzuni hii katika arubaini yake na hata baada yake, asimtazame mtoto wala asijitazame mwenyewe. Huo si ukosefu wa shukrani. Tena wako wanawake wasiouona mlango wa nje ila siku ya harusi au ya matanga, kisha twashangaa kwa nini nyuso zao zimekunjamana. Mtume wetu alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha walipokuwa safarini, mara akashindwa na mara akashinda. Kila Jumamosi alikuwa akienda msikiti wa Quba, ulio kilomita tatu na zaidi kutoka msikiti wake, mara amepanda mnyama na mara kwa miguu. Na siku ya Idi alikuwa akienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Hatudai kuwa alifanya hayo kwa ajili ya tiba, lakini mwenye kumfuata hakosi matembezi. Je, yamshinda nini mume kutoka na mkewe baada ya sala ya Alfajiri au Alasiri, katika stara yao, wakatembea kando ya bahari au njia ya shamba? Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kwa mtu mzima dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, nazo ni nusu saa kwa siku tano. Mgonjwa aanze kwa dakika kumi. Haba na haba hujaza kibaba. Na mwenye maradhi ya moyo au presha amuulize daktari kwanza.

Enyi wazazi na walimu, kijana aliyekuwa akihudhuria darasa akaacha, aliyekuwa akicheka akanyamaza, na alama zake zikashuka ghafla, kabla ya kuinuliwa fimbo aulizwe. Mwulizeni mkiwa peke yenu, kwa sauti ya chini, kisha mnyamaze mumsikilize. Kusikiliza si kutoa waadhi. Anayetoa waadhi husema yeye, na anayetibu kwa mazungumzo humwacha mgonjwa aseme. Wakati wa waadhi upo, lakini si kabla ya mtu kumaliza neno lake.

Huenda mtu akauliza: Je, mke akimweleza mshauri mambo ya mumewe, hiyo si kusengenya? Twajibu kuwa Hind binti Utba alimshtakia Mtume ubahili wa mumewe Abu Sufyan, wala hakumkemea, bali alimfundisha la kufanya. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameyataja mambo sita yanayoruhusu kumsema mtu asiyekuwapo, na miongoni mwake ni kushtaki dhuluma na kutaka fatwa. Mwenye kutafuta dawa aseme kwa kadiri ya haja yake, kwa mtu anayeweza kumsaidia. Na akiuliza mwingine juu ya mwanamke kukaa faragha na mshauri mwanamume, basi atafutwe mshauri mwanamke, au wakae mahali wanapoonekana na watu lakini hawasikilikani. Lile benchi la Harare lilikuwa nje, na mabaraza ya nyumba zetu yako nje.

Lakini baraza haliwi dawa ila likiwa na amana. Mgonjwa aliyekuambia siri yake amekukabidhi mali iliyo ghali kuliko dhahabu. Ukiitoa Ijumaa ikafika sokoni Jumamosi, umemfunga kinywa maisha yake yote, na pengine umewafunga vinywa na wengine walioona yaliyomfika. Wengi hawafichi maradhi yao kwa kupenda, wameogopa ndimi zetu. Na wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Na hapa tunalifikia jambo lililo zito kuliko yote. Huzuni hii huweza kumfikisha mtu kutamani kufa na kufikiri kujiua. Kwa mtu huyo matembezi peke yake hayatoshi, wala mazungumzo ya barazani hayatoshi. Mwulizeni waziwazi kama ana fikra hiyo. Kumwuliza hakumtii wazo asilokuwa nalo, bali humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye sumu za shambani, kamba, silaha na vidonge, na mumpeleke hospitali siku ile ile. Ni kweli kwamba dini yetu imeharamisha mtu kujiua. Lakini hukumu hiyo imewekwa kuilinda nafsi, haifai ifanywe fimbo ya kumpigia aliye mgonjwa. Vivyo hivyo mpelekeni kwa daktari asiyekula, asemaye mambo yasiyoeleweka au asikiaye sauti wasizozisikia wengine. Na aliyeandikiwa dawa na daktari asiziache kwa kuwa ameanza kutembea au amepata wa kuzungumza naye. Mtume ametufundisha kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa pasi na dawa yake, basi kuitafuta dawa ni katika kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Nawe uliye mgonjwa, pengine unatusikia ukiwa umelala chumbani na redio iko chumba cha pili, twakuambia kuwa hali yako haikukutoa katika rehema ya Mola wako. Sali kama unavyoweza, hata moyo ukiwa mzito. Mtaje mtu mmoja tu unayemwamini, umwambie neno moja tu, kwamba huko vizuri. Na leo, kabla ya jua kuchwa, ukiweza fika mlangoni ukalione.

Na nyinyi mliobaki, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja katika jamaa zake au jirani zake ambaye amenyamaza siku nyingi. Msimpelekee maneno mengi. Mpelekeeni miguu yenu, mumwambie: Twende tukatembee.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wa mwili na wa nafsi. Wafariji wenye huzuni, wakunjulie vifua vyao, na uwarudishie usingizi wao na furaha yao. Tufanye wenye kusikiliza na wenye kuhifadhi amana. Wahifadhi vijana wetu na mama zetu waliojifungua. Wape busara na subira wanaowauguza. Uturehemu sisi, wazazi wetu, walimu wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.